Kamera inagoma kupiga ua kwa karibu, nifanyeje?

Mama Viriba (Forest, Mbeya)

Habari za jioni wakuu. Mimi nauza miche ya maua hapa Forest, pembeni ya barabara: waridi, haidrenjia, fuksia, kala, salvia, dalia na mazagazaga mengine. Mteja wa Mbeya hanipi shida. Anakuja, anashika jani, ananusa, tunavutana bei, anabeba kiriba chake anaondoka. Wanaonitoa jasho ni wa Dar na Dodoma wanaoagiza kwa simu, maana hao wananunua picha kabla ya ua.

Nikipiga mche mzima wanaona majani na kiriba cheusi. Nikitaka kuonyesha ua lenyewe ndiyo balaa. Fuksia kwa mfano, uzuri wake uko kwa ndani: nje nyekundu imejikunja kwenda juu, katikati zambarau imejifunga, halafu vile vinyuzi virefu vinaning'inia chini na vichwa vyake vya chavua. Mteja asipoviona hivyo vinyuzi hawezi kuelewa kwa nini nimeweka bei niliyoweka.

Mdogo wangu ameniachia Canon ya zamani na lenzi yake ya kuvuta, milimita 18-55. Juu ina gurudumu, na kwenye gurudumu kuna alama ya ua. Nikasema basi, hii ndiyo yangu. Naweka hapo, nasogea, nasogea, lenzi inalia vrr vrr mbele na nyuma, nabonyeza, haipigi. Nikirudi nyuma inapiga, lakini ua linakuwa dogo kama nililipiga nikiwa ng'ambo ya barabara. Saa nyingine flashi inachomoka yenyewe, ua linakuwa jeupe juu na chini kuna kivuli cheusi cha mviringo, sijui kinatoka wapi.

Kuna duka nimeuliza, wakaniambia kamera haina shida, ninunue lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu. Wakanitajia bei. Kwa hela hiyo nanunua mbolea na viriba vya msimu mzima na chenji inabaki.

Naomba mnisaidie kabla sijaingia hasara. Ni lazima hiyo lenzi? Na huu upepo wa Mbeya, wenzangu mnaupigaje, maana ua halitulii hata sekunde. Simu ninayo pia, ya kawaida tu.

Fundi Paspoti (Mwanjelwa)

Dada, usinunue kitu bado. Mimi nakula kwa harusi, kipaimara na picha za paspoti, maua napiga kwa raha zangu, na lenzi hiyo hiyo ya 18-55 nimeitumia muda mrefu kabla sijaongeza kitu.

Kwanza hiyo alama ya ua. Wengi wanadhani ukiweka hapo kamera inapata uwezo wa kukaribia. Haipati. Inachofanya ni kuichagulia kamera mipangilio tu, na ndiyo inayochomoa flashi pale mwanga ukiwa hafifu. Umbali wa kukaribia unaamuliwa na lenzi, na kila lenzi ina mwisho wake. Hiyo yako, kama ni toleo lile la kawaida, mwisho wake ni sentimita 25. Ukivuka hapo ndani, haioni, inahangaika vrr vrr, na kamera inakataa kupiga kwa sababu haijapata fokasi. Haijaharibika.

Hizo sentimita 25 hazihesabiwi kuanzia kioo cha mbele. Angalia juu ya kamera, utaona kialama cha duara lililokatwa na mstari. Hapo ndipo ilipo sensa, kile kibamba kinachonasa picha, na umbali unapimwa kuanzia hapo hadi kwenye ua. Ukitoa urefu wa mwili wa kamera na lenzi, kati ya kioo na ua inabaki sentimita kumi na kitu tu. Ni karibu sana hapo, na kwa maua mengi inatosha.

Kosa linalowaangusha watu wengi ni kusogea huku lenzi iko 18. Izungushe mpaka mwisho, 55. Umbali wa kukaribia ni ule ule lakini ua linakuwa kubwa zaidi. Ukifika hapo, ukiwa 55 na umekaribia mpaka mwisho, kitu chenye upana wa sentimita sita na nusu kinajaza picha nzima kutoka ukingo hadi ukingo. Chukua rula uipige picha utaona mwenyewe. Sasa nenda bustanini na rula hiyo hiyo: waridi, dalia, kala, kichwa cha haidrenjia, vyote hivyo ama vinalingana na hapo ama vinazidi. Huyo aliyekuambia lenzi ya makro hakukuuliza ua lako lina ukubwa gani. Fuksia ni ndogo kidogo lakini itajaa vizuri ukiikata baadaye kwenye simu.

Pili, zima fokasi ya kamera. Ubavuni mwa lenzi kuna swichi ya AF (kamera inatafuta yenyewe) na MF (unatafuta wewe), weka MF. Zungusha kile kipete cha mbele mpaka mwisho wa karibu, kisha usikiguse tena. Badala ya kuzungusha, sogeza kichwa chako na kamera mbele na nyuma polepole mpaka vile vinyuzi vikae sawa, bonyeza hapo hapo. Ukiwasha kioo cha nyuma, bonyeza kitufe chenye lenzi ya mkono na alama ya jumlisha, picha inakuzwa unaona chavua inapokaa sawa. Macho yanapumzika pia.

Tatu, kina. Hapa ndipo pagumu, nitakaa kidogo. Ukiwa karibu hivyo, sehemu inayotoka safi ni nyembamba mno. Kwa f/5.6 (hiyo f ni namba ya tundu la lenzi; namba ikipanda tundu linapungua) ni kama milimita 2 na nusu. Kwa f/11 ni karibu milimita 5. Basi. Kila kilicho mbele au nyuma ya hapo kinakuwa na ukungu. Ndiyo maana unapiga ua, petali ya mbele safi, katikati ukungu tupu, unadhani mkono umetikisika. Haukutikisika, ni kina tu. Tiba yake ni mbili. Weka gurudumu kwenye Av, ambapo unachagua mwenyewe hilo tundu, yaani apacha, f/8 au f/11; usipande hadi f/22 ukidhani utapata zaidi, picha nzima inaanza kulegea. Tiba ya pili haina gharama: geuza kamera ilingane na kile unachotaka kionekane. Vinyuzi vya fuksia vinaning'inia wima, basi piga kwa ubavu, kamera usawa na vinyuzi, vyote vinaingia ndani ya hizo milimita. Ukipiga kutoka chini ukitazama juu, utapata ncha moja tu.

Na upepo: wewe una bahati kuliko sisi sote hapa. Maua yako yako kwenye viriba! Yanabebeka. Sisi tunaolifuata ua porini ndio tunaolala chini tukisubiri litulie. Wewe beba kiriba, kiweke kwenye kiti ndani ya mlango wa nyumba, mlango wazi, jua lisiingie moja kwa moja. Mwanga unaingia upande mmoja, upepo haupo. Upande wenye giza simamisha kipande cha boksi jeupe ili kirudishe mwanga kidogo. Nyuma, mbali kama mita moja na zaidi, tundika kitenge cha rangi ya giza au wavu wa kivuli wa kijani unaofunikia miche. Uwe mbali kweli, ukiugusanisha na ua utaona kila uzi wake.

Kamera usishike mkononi. Tia mchele kilo mbili kwenye kifuko cha kitambaa, funga, ilaze kamera juu yake kwenye meza, iseti ijipige baada ya sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise. Mchele hauharibiki, jioni unaupika.

Hicho kivuli cha mviringo ni cha lenzi yako. Flashi iko juu, lenzi imejitokeza mbele, ua liko karibu, kwa hiyo lenzi inakinga mwanga. Ukiwa Av haitachomoka tena.

Sijali Tu

Kata ua, tia kwenye chupa ya soda, ingia nalo ndani. Mnajisumbua.

Mama Viriba (Forest, Mbeya)

Sijali, nikikata ua nimekata mauzo. Mche wenye ua unaondoka leo, usio na ua unakaa mpaka uchanue tena.

Fundi, kaka yangu, asante sana. Hapo pa rula nimepasoma kwa sauti, mume wangu akacheka. Nitajaribu kesho kabla mvua ya mchana haijaanza.

Kijana wa Kihesa (Iringa)

Shikamoo mama. Mimi nasoma chuo hapa Iringa, nina simu tu na naona umesema na wewe unayo. Fundi ameongea yote ya kamera, mimi niongezee ya simu kwa sababu picha ya kumtumia mteja WhatsApp haihitaji makubwa, WhatsApp yenyewe inaibana.

Simu nyingi za bei ya kawaida zina kamera ndogo iliyoandikwa makro, mara nyingi megapikseli 2. Ikimbie hiyo. Tumia kamera kuu, rudi nyuma kidogo mpaka ishike fokasi, kuza mara 2, kisha ukate ukingo baadaye. Inatoka safi kuliko hiyo makro. Halafu usiguse mara moja tu kwenye kioo. Gusa pale kwenye vinyuzi na ushikilie mpaka ikuonyeshe imejifunga. Ikishajifunga, kidole kikienda juu au chini mwanga unaongezeka au unapungua. Usipoifunga, upepo ukisogeza ua tu simu inahamia kwenye ukuta.

Vile vilenzi vya kubana kwenye simu vinavyouzwa mtandaoni, katikati vinatoa vizuri ila pembeni vinavuta, na lazima ukaribie sentimita chache kiasi kwamba simu yenyewe inaziba mwanga. Kwa mdudu sawa, kwa waridi hapana.

Na ufute kioo cha simu mama. Mikono ya bustani hiyo.

Mama Viriba (Forest, Mbeya)

Marahaba mwanangu. Hiyo ya mikono ni kweli tupu, nimefuta na upande wa khanga sasa hivi, nimeona aibu.

Mzee wa Matamba

Nimefurahi kuona vijana wanazungumza maua. Mimi niko Matamba, lango la Kitulo liko huku kwetu, na wapiga picha wa maua nawaona kila msimu. Wanakuja na lenzi kama bunduki, wanarudi na picha za ukungu kwa sababu wamefika saa tano wingu limeshashuka.

Binti, ukishazoea hapo mlangoni kwako, panda huku. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, kilomita za mraba kama 413, iko juu mita 2,600 hivi, na wataalamu wamehesabu aina zipatazo 350 za mimea, katika hizo okidi za ardhini 45. Wazee walikuwa wanaiita Bustani ya Mungu kabla ya serikali kuweka bango. Maua yanaanza na mvua, Desemba hadi Aprili ndiyo wakati wake. Ukija Julai utakuta nyasi kavu na baridi ya kukung'oa meno, hata barafu asubuhi.

Kwa njia ya Chimala utapanda kona za mlima mpaka kichwa kizunguke; mvua ikiwa kubwa ulizia hali ya barabara kwanza. Lala Matamba, uingie mapema. Asubuhi upepo haujaamka, umande bado uko kwenye nyasi, na hilo wingu jembamba linaufanya mwanga uwe laini, hakuna kivuli kikali. Beba kitambulisho chako cha taifa, raia ana kiingilio chake.

Namjibu na huyu aliyesema kata ua. Huku hukati, hung'oi, hutoki kwenye njia ovyo ukalalia mengine ili upige moja. Okidi zetu zimeshateseka vya kutosha. Watu wamechimba viazi vyake magunia kwa magunia kupeleka Zambia kutengenezea chikanda, chakula cha huko, na ukishachimba kiazi cha okidi, hiyo imekwenda. Kwa hiyo lala tumbo kwenye njia, ua lililo jirani na njia ni zuri vile vile.

Fundi Paspoti (Mwanjelwa)

Mzee shikamoo. Umenikumbusha magoti. Anayekwenda Kitulo achukue kipande cha turubai au kiroba cha mbolea cha kulalia, nguo zinaloa mpaka kiunoni. Na ua fupi la porini lipige ukiwa usawa wake. Ukisimama ukapiga kwa kuinama, nyuma yake unapata udongo na majani makavu, kila kitu kinagombania macho. Ukishuka, nyuma inakuwa mlima ulio mbali, na mlima unageuka rangi moja laini.

Kule hakuna mlango wa kuingizia ua, kwa hiyo upepo unaushinda kwa shata, yaani kasi ya kamera kufunguka na kujifunga. Panda ISO, ile namba ya wepesi wa kamera kunasa mwanga, hadi 800, hata 1600, upate kasi ya 1/250 ya sekunde au zaidi. Picha itakuwa na chenga, vipunje punje, kidogo, lakini chenga mteja hazioni; ukungu anauona. Na usibonyeze mara moja, upepo una pumzi zake, ukikata pumzi piga tatu nne mfululizo.

Mama Viriba (Forest, Mbeya)

Nimerudi. Shikamoo mzee wa Matamba, Kitulo nitakuja panapo majaliwa, nitaacha bustani kwa binti.

Wakuu, fuksia imekubali! Mlangoni, kwenye kiti, mchele chini ya kamera, kitenge cha mume wangu nyuma (anakitafuta). Vinyuzi vinahesabika na ile unga ya chavua kichwani inaonekana. Mteja mmoja wa Dodoma ameangalia tu akauliza namba ya kulipia.

Lakini kuna mawili yananisumbua. Salvia nyekundu haitaki. Inatoka rangi moja tu kama nimemwaga rangi ya ukuta, mikunjo ya ua haionekani, wakati jani la pembeni yake liko sawa kabisa. Kala nyeupe nayo inatoka kijivu kama imechakaa. Na haidrenjia ya bluu inakuwa kama zambarau, mteja akipokea atasema nimembadilishia.

Halafu salvia ni kiua kidogo, hata nikikaribia mpaka mwisho naona shada lote, siyo kimoja.

Fundi Paspoti (Mwanjelwa)

Hongera sana dada. Kitenge mrudishie mwenyewe, nunua cha kwako.

Nyekundu: kamera inahesabu mwanga kwa jumla, majani na nyuma na ua vyote pamoja, ikasema mwanga unatosha. Kumbe upande wa nyekundu peke yake umeshajaa mpaka pomoni, na ukishajaa hakuna tofauti tena kati ya mkunjo na mgongo wa petali, kila kitu kinasoma nyekundu ya mwisho. Kwa hiyo punguza. Ukiwa Av shikilia kile kitufe cha Av cha alama ya jumlisha na toa, zungusha gurudumu dogo uende upande wa kutoa, anza na theluthi mbili ya hatua moja kwenye kile kipimo. Kisha fungua picha, angalia zile grafu za rangi tatu. Ya nyekundu isiwe imebanana ukutani kulia. Majani yatakuwa meusi kidogo, achana nayo, hayauzwi.

Kala ni kinyume chake. Nyeupe ikijaza picha, kamera inadhani mwanga umezidi, inaupunguza yenyewe, ndiyo hicho kijivu. Ongeza theluthi mbili, hata moja kamili, ila uangalie ile mistari myembamba ya kala isifutike.

Haidrenjia: usiiachie kamera ichague rangi ya mwanga. Pale mlangoni kwenye kivuli, weka alama ya nyumba yenye kivuli, au bora zaidi piga karatasi nyeupe hapo hapo ua lilipo halafu uiambie kamera hiyo ndiyo nyeupe. Kisha shika ua karibu na kioo cha simu ulinganishe kwa macho kabla ya kutuma. Usiivutie rangi kwenye programu ikapendeza kuliko ilivyo. Na umwambie mteja kabisa kwamba bluu ya haidrenjia inategemea udongo: wenye asidi inabaki bluu, usio na asidi inageuka waridi. Akiipanda kwenye udongo wa kwake ikabadilika, asikulaumu wewe wala picha.

Sasa kiua kimoja cha salvia. Hapo ndipo kweli kifaa kinahitajika, na bado siyo lenzi ya makro. Tafuta tyubu za kuongezea. Ni pete tupu, hazina kioo ndani, zinakaa kati ya kamera na lenzi, zinaisogeza lenzi mbele ili ikaribie zaidi. Ukipata na lenzi ya 50 iliyotumika, ukaweka tyubu ya milimita 36, unafika karibu na ukubwa halisi, yaani kitu cha sentimita mbili na nusu kinajaza picha. Kwenye 18-55 yako zinafanya kazi pia ukiwa 55. Ukiwa 18 usishangae, fokasi inaangukia ndani ya kioo chenyewe.

Nunua zenye vile vishaba vya kupitisha umeme. Zisizo navyo ni rahisi sana, lakini lenzi ya Canon haitapokea amri ya apacha, itabaki imefunguka yote, na kwa ukaribu huo kina kinakuwa chini ya milimita, huwezi kuuza picha hiyo. Hata kwa f/8 ukiwa ukubwa halisi una kama milimita 0.6 tu. Mwanga nao unapungua, kwa hiyo mchele na sekunde mbili siyo hiari tena.

Ila kwa salvia mimi ningeuza shada. Anayenunua salvia anataka shada.

Mama Viriba (Forest, Mbeya)

Hapo umeongea kibiashara. Tyubu zitasubiri mpaka Pasaka, shada linatosha. Nimepunguza theluthi mbili sasa hivi, mikunjo imerudi. Kala kesho, leo mvua imeshatanda upande wa Loleza na giza limeingia mlangoni.

Kijana wa Kihesa (Iringa)

Mama, hiyo fuksia ukiituma Iringa kwa basi inafika salama? Mama yangu ameiona picha kwenye simu yangu, hataki kunirudishia simu.

Mama Viriba (Forest, Mbeya)

Inafika. Naifunga kwenye boksi lenye matundu, naloanisha udongo usiku wake, ua lililochanua naliondoa ili lisisumbuke njiani, vitumba nabakiza. Nitumie ujumbe pembeni na jina la stendi utakapopokelea. Na umwambie mama aipande penye kivuli cha mchana.